Kijiwe cha Milimita 4

Mwezi wa Februari, wakati kaskazi imeshika na jua la Tanga linawaka tangu asubuhi, niliamka saa nane za usiku nikiwa na maumivu ambayo sikuwahi kuyapata maishani. Yalianzia ubavuni upande wa kushoto, nyuma, chini kidogo ya mbavu, yakateremka mpaka kinenani, yakapoa kwa dakika chache kiasi cha kunipa matumaini, kisha yakarudi kwa nguvu zaidi. Sikuweza kulala wala kukaa. Nilizunguka chumba kizima, nikaegemea ukuta, nikapiga magoti, nikatapika. Mama, ambaye ninaishi naye hapa Makorora, alinikanda kwa maji ya moto huku akirudia, "Pole mwanangu, hilo ni chango, litatulia."

Asubuhi nilikwenda zahanati, nikaandikiwa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo bila kupimwa chochote. Nilimeza vidonge kwa siku tatu, na siku ya nne mkojo ukatoka na rangi ya chai iliyokolea, nikajua kwamba ni damu. Jirani yetu alisema moja kwa moja kuwa ni kichocho, na sikumwona kuwa amekosea kufikiri hivyo, kwa sababu kichocho cha mkojo kipo katika ukanda wetu wa pwani na dalili yake kubwa ndiyo hiyo hiyo ya kukojoa damu. Hata hivyo, mkojo wangu ulipopimwa hospitali haukuwa na mayai ya kichocho, na kipimo cha altrasaundi kilionyesha kijiwe cha figo cha milimita 4 kikiwa kimekwama karibu na kibofu, huku figo ya upande huo ikiwa imevimba kidogo.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza sana, na jambo ambalo limenigusa kuliko yote ni kwamba kijiwe kile sikukila. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba mawe ya figo hutokana na mchanga ulio kwenye mchele, au mbegu za mapera, au maji ya kisima yenye magadi. Mchanga unaoumeza hupita tumboni ukatoka kwa njia yake, wala hauna namna ya kufika kwenye figo. Jiwe la figo hutengenezwa na mkojo wenyewe. Aliyewahi kupita kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu ataelewa haraka: maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba, jua huyakausha kidogo kidogo, na yanapopungua kiasi cha kutosha chumvi iliyokuwa imeyeyuka ndani yake huanza kuonekana kama chembechembe ngumu. Katika figo, mkojo unapokuwa mchache na mzito, madini yaliyomo hushikana kwa namna hiyo hiyo, chembe moja juu ya nyingine, kwa miezi au miaka, bila mtu kusikia maumivu yoyote.

Karibu mawe manane katika kila kumi huwa ya kalsiamu, na mengi kati ya hayo ni kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kemikali inayopatikana katika mimea mingi. Mengine hutokana na asidi ya uriki, ambayo huongezeka kwa watu wenye ugonjwa wa jongo na kwa walaji wakubwa wa nyama. Yapo pia yanayoletwa na bakteria wa maambukizi ya mkojo yanayojirudia, na haya huwapata zaidi wanawake. Aina ya nne, inayotokana na kasoro ya kurithi, ni adimu.

Daktari aliponiuliza ninakunywa maji kiasi gani kwa siku, niliona aibu kujibu. Mimi ni mwalimu. Ninasimama darasani tangu asubuhi mpaka alasiri, jasho likinitoka, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiyakwepa maji makusudi ili nisilazimike kukiacha kipindi na kwenda chooni. Ninawafahamu akina mama wauza samaki wanaofanya hivyo hivyo kwa sababu choo cha sokoni hakifai, na vijana wa bodaboda ambao kutwa nzima hawana pa kujisitiri. Hapa ndipo ninapoona kwamba ugonjwa huu hauwezi kuachwa kuwa suala la mtu mmoja na chupa yake ya maji. Mahali pasipo na choo safi, watu hujifunza kuvumilia kiu, na katika joto kama letu mwili hupoteza maji mengi kwa jasho kabla figo hazijapata sehemu yake.

Chumvi ni jambo la pili, na kwetu pwani ni jambo zito. Ng'onda, papa mkavu, achari, bajia na chipsi za jioni vyote vina chumvi nyingi, na chumvi ikizidi mwilini figo huitoa pamoja na kalsiamu, ambayo huongezeka kwenye mkojo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, kwa kuhesabu na ile iliyomo tayari ndani ya chakula. Nyumbani kwetu papa mkavu sasa hulowekwa usiku kucha na maji yake yakamwagwa kabla ya kupikwa, na mama haongezi chumvi nyingine kwenye mchuzi.

Kuhusu maziwa, nilikuwa na kosa ambalo ninadhani ni la watu wengi. Niliposikia kwamba jiwe ni la kalsiamu, niliacha maziwa na dagaa mara moja, na daktari akanisahihisha. Kalsiamu ya kwenye chakula hukutana na oksaleti tumboni, zikashikana huko huko na kutoka pamoja na choo. Mtu akiinyima sahani yake kalsiamu, oksaleti hubaki huru, huingia kwenye damu na kuishia kwenye figo. Kwa hiyo mchicha, karanga, viazi vitamu na chai ya rangi, ambavyo vina oksaleti, si lazima viachwe kabisa na kila mgonjwa, ila visizidishwe, na ni vyema viliwe pamoja na chenye kalsiamu: mchicha kwa dagaa, chai kwa maziwa. Kuuchemsha mchicha na kumwaga maji yake hupunguza oksaleti pia.

Kiasi cha maji nilichoelekezwa ni kile kitakachonifanya nitoe mkojo usiopungua lita 2.5 kwa siku, na kwa jua letu hiyo ina maana ya kunywa lita 3 au zaidi, nikiyagawa kutwa nzima na kuacha bilauri moja kwa ajili ya usiku. Kipimo changu ni rangi: mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, nimechelewa kunywa. Ndimu, limau na machungwa husaidia, kwa sababu vina sitreti inayozuia chembechembe zisishikane, na nashukuru kwamba Muheza hawatunyimi machungwa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo iliyodhoofika asiufuate ushauri huu wa maji mengi kabla ya kumwona daktari wake.

Mawe madogo chini ya milimita 5 kwa kawaida hutoka yenyewe, ingawa huweza kuchukua siku kadhaa au wiki, na yanayozidi milimita 10 ni nadra kutoka bila msaada. Nilipewa dawa ya maumivu, nikaelekezwa kukojolea kwenye chujio, na baada ya siku kumi na moja kijiwe kilitoka, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye ncha. Kujilazimisha kunywa maji mengi wakati maumivu yamepanda hakulisukumi jiwe. Maji ni ya kuzuia lisiumbike tena. Kwa mawe makubwa kuna upasuaji wa kupitisha kifaa mwilini mpaka kwenye jiwe, na kuna mawimbi ya kuyavunja kutoka nje ya mwili, njia iliyotumika kwa binadamu mara ya kwanza mjini Munich mwaka 1980. Lakini mtu akipata maumivu haya pamoja na homa na kutetemeka, au akashindwa kukojoa, asisubiri asubuhi wala asimeze dawa za kununua dukani, kwa maana maambukizi yaliyofungiwa nyuma ya jiwe huweza kuua.

Niliambiwa pia kwamba aliyepata jiwe mara moja yuko katika hatari kubwa ya kulipata tena asipobadilika, na kwamba ugonjwa huu hutembea katika familia. Nilipoanza kuuliza nyumbani, baba mdogo wa Pangani alikiri kwamba amewahi kutoa kijiwe mara mbili na hakumwambia mtu yeyote, kwa kuwa aliona ni jambo la sehemu za siri. Mdogo wangu ni mvuvi wa Tongoni. Hutoka usiku akarudi jua limepanda, na maji yanayoingia chomboni ni galoni moja kwa watu sita. Mwezi uliopita aliniambia kwamba ubavu wake wa kulia unamchoma kila anapovuta nyavu. Tumekubaliana kwamba Jumatatu hataingia baharini, nami nimeomba ruhusa shuleni ili nimsindikize akapigwe altrasaundi.