Plasta ya bluu

Kwenye viwanda vya samaki hapa Mwanza, plasta ya kufungia kidonda ni ya bluu. Anayeanza kazi hudhani ni rangi ya kampuni tu, mpaka aambiwe sababu: mwilini mwa sangara hakuna kitu cha bluu, kwa hiyo plasta ikidondoka kwenye minofu itaonekana na kutolewa kabla katoni haijafungwa. Ni sababu nzuri. Mtu aliyenunua samaki wetu huko mbali hastahili kukuta plasta yangu kwenye sahani yake. Mimi nilibandikwa ya kwangu mwaka 2013, juu ya jeraha lililokata kano ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kidole hicho hakikunji mpaka leo. Nikiandika ujumbe kwenye simu kinabaki kimesimama peke yake.

Nilikuwa kibarua. Saa kumi na moja alfajiri tunakuwa tumeshajipanga getini, wengi wetu wanawake, wengine tumetembea kutoka Igoma ili nauli ya Hiace ibaki ya kurudia. Msimamizi anatoka, anachagua kwa kidole: wewe, wewe, wewe, na dada mwenye kitenge. Ukichaguliwa unavaa gambuti, aproni, kofia na barakoa, unakanyaga dimbwi la klorini, unaingia ndani. Ndani ni baridi. Sangara anatakiwa akae karibu na nyuzi sifuri wakati wote, na akianza kupanda watu wa ubora wanakuja mbio na vipimajoto vyao, wanaongeza barafu. Mkono unaomshika ni wa joto, lakini baada ya saa moja unakuwa umeshafanana naye.

Siku ile lori lilichelewa. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi bila kazi na bila malipo, maana tulilipwa kwa kilo, na kilo hazikuwepo. Lori liliingia jioni, na samaki wenyewe walikuwa wadogo wadogo, wakatakiwa waishe usiku huohuo kwa sababu mzigo ulikuwa na muda wake wa kusafiri. Anayejua kupasua anajua kazi ilivyo: unakata nyuma ya shavu mpaka uti wa mgongo, unageuza kisu, unakiteleza juu ya mifupa kuelekea mkiani huku mkono wa kushoto ukiinua mnofu. Huo wa kushoto ndio unaotangulia kisu njia nzima. Wangu ulikuwa umekufa ganzi. Sikusikia chochote. Niliona tu wekundu unatandaa kwenye mnofu mweupe, nikadhani ni damu ya samaki.

"Toa samaki! Toa samaki huyo!" Hilo ndilo neno la kwanza nililosikia. Mnofu ukachukuliwa na kutupwa kwenye pipa la taka, meza ikamwagiwa maji na dawa, kisu changu kikaondolewa. Halafu ndipo nikatazamwa mimi. Msimamizi yule hakuwa mtu mbaya, na sitaki mtu asome hapa afikirie hivyo. Alifanya alichofundishwa. Ukutani palikuwa na karatasi iliyoeleza hatua kwa hatua la kufanya damu ikigusa mnofu. Karatasi ya la kufanya kwa mwenye damu haikuwepo. Alinibandika plasta ya bluu, akanilipa kilo nilizofikisha, akaniitia bodaboda.

Kwenye kituo cha afya walinishona ngozi vizuri. Kano haikuonekana mpaka wiki nyingine zilipopita na kidole kikakataa. Nilikaa nyumbani wiki saba. Shemeji yangu alikuwa ananiletea dagaa wa kupika kutoka Mwaloni Kirumba, na mwanangu alikaa bila sare mpya muhula mzima. Kiwandani sikuwa na madai. Jina langu halikuandikwa mahali popote. Nilichaguliwa kwa kidole.

Nimekulia Igombe, baba yangu akiwa mvuvi, kwa hiyo naijua safari ya huyu samaki tangu majini. Nakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kulikuwa na watu wanaovua kwa sumu. Kwetu mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki, ulikuwa msiba. Boti zilirudi na samaki ambao hakuna wa kuwachukua. Baada ya hapo mambo yalibadilika kweli: maabara zikaimarishwa, kila mzigo ukawa na maandishi ya mwalo uliotoka na tarehe, wakaguzi wakawa wengi. Sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na samaki anapimwa kwa rula kwa sababu tunataka azae kwanza, ziwa liendelee kutulisha. Hayo yote nayaunga mkono kwa moyo wangu wote. Nilichotamani usiku ule nikiwa juu ya bodaboda, mkono nimeukumbatia kifuani, ni kwamba mtu mmoja angekuwa amepima na joto la vidole vyangu.

Nimeandika haya kwa sababu mwaka huu nimekaa kwenye vikao vingi vya "maendeleo endelevu", na humo ziwa linaingia kwenye mada moja na wafanyakazi kwenye mada nyingine, siku nyingine, na watoa mada wengine. Mimi nimesimama mezani miaka kumi na ushei na sijawahi kuona mpaka kati ya hivyo viwili.

Fikiria hesabu hii, ambayo kila mpasuaji anaijua bila kuandika. Sangara mmoja wa kilo 8 ni mikato miwili mirefu, mkono wa kushoto ukiwa na nafasi ya kutosha kukaa mbali na kisu. Ziwa likishavuliwa kupita kiasi, makokoro, zile nyavu za kukokota, yakazoa watoto wa samaki pamoja na wazazi wao, lori linaleta sangara wa kilo 2. Ili nifikishe kilo zilezile napasua wanne, mikato minane, na kila mmoja mnofu wake ni mwembamba kiasi kwamba vidole vinakuwa jirani na makali muda wote. Tena samaki wakiwa haba hawaji kwa ratiba. Unashinda benchi mchana, unapasua usiku, umechoka, umeshikwa na njaa, na msimamizi anaangalia saa. Kuchoka kwa ziwa kunahamia kwenye mikono yetu. Ndiyo maana nikisikia viwanda hapa vinapunguza zamu kwa kukosa samaki, mimi siwazi ajira zilizopotea peke yake, nawaza na waliobaki mezani wanafanya kazi kwa mwendo gani.

Upande wa majini ni vilevile. Kaka yangu anavua dagaa usiku kwa taa. Samaki wa karibu wameisha, kwa hiyo wanakwenda mbali zaidi kuliko baba alivyokwenda, kwa mtumbwi uleule, na upepo wa ziwa hauulizi. Jaketi la kujiokolea analo sasa, baada ya ugomvi mrefu kati yangu na tajiri wa boti aliyedai yanajaza nafasi ya mzigo. Kichocho nacho kinamrudia. Anameza dawa, anapona, anarudi majini kukokota nyavu, kinarudi. Yeye hakiiti ugonjwa wa kazi, anakiita maisha ya ziwani.

Shirika la Kazi Duniani linakadiria kuwa karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa ajali na magonjwa yanayotokana na kazi, na magonjwa ndiyo yanayochukua wengi zaidi. Nilipoisoma takwimu hiyo mara ya kwanza nilimkumbuka kaka, na wamama wa chumba cha kugandisha wanaotembea wamekunja migongo wakiwa na miaka 45. Mwaka 2022, mwezi Juni, mkutano wa shirika hilo uliamua kuwa mazingira salama na yenye afya kazini ni miongoni mwa haki za msingi, yakiwa daraja moja na marufuku ya kutumikisha watoto na ya kazi za kulazimishwa. Kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015 jambo hili limo pia, lengo la 8, kipengele cha 8.8, na kinawataja hadi wale wenye ajira zisizo na uhakika. Hao ni sisi wa getini.

Hapa nyumbani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ndio wanaoisimamia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kupokea michango mwaka 2015, miaka miwili baada ya kidole changu. Mchango ni wa mwajiri peke yake, nusu ya asilimia ya mishahara anayolipa, na haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Ukiumia kuna matibabu, kuna malipo ya muda uliokaa bila kazi, kuna malipo ya ulemavu wa kudumu, kuna utengemao, yaani kusaidiwa kurudi kwenye hali ya kufanya kazi. Nimewaona watu wamelipwa, nimefurahi nao. Ila kibarua ambaye hajaandikwa popote ataanzia wapi kuthibitisha kwamba aliumia humo ndani? Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa kila mwajiri anayenisikiliza huwa moja: andika majina getini. Daftari na kalamu.

Sasa niko kiwanda kingine, nina mkataba, na wenzangu walinichagua kuwa mwakilishi wao wa usalama na afya. Nilipofika palikuwa na ubao mkubwa mlangoni: "Siku bila ajali", na namba chini yake. Ikifika 100, kila mtu anapewa unga na sabuni. Siku ya 96, mama mmoja wa kutrimu, yaani kusafisha kingo za minofu, alichomwa na mwiba wa mgongo wa sangara, ukaingia ndani ya kiungo cha gumba. Wenzake walimfunga kitambaa chini ya glavu, akamaliza zamu. Siku ya 97 alikuja. Siku ya 98 mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Mimi niliona tangu siku ya kwanza, nikanyamaza, maana nyumba yangu nayo ilikuwa inausubiri ule unga. Hilo linaniuma kuliko kidole. Alipona, kwa dawa za sindano na siku nyingi, na nilikwenda kwake Nyakato kumwomba msamaha. Alinijibu, "Mdogo wangu, hata mimi ningenyamaza."

Ubao tuliubadilisha. Sasa unaandikwa hatari zilizotajwa mwezi huu na zilizorekebishwa. Mwezi wa kwanza wa ubao huo mpya zilitajwa 31, meneja akashtuka, akadhani kiwanda kimeharibika ghafla. Nilimweleza kwamba zote zilikuwepo, watu ndio walianza kuzisema. Alinisikiliza, namshukuru kwa hilo.

Mengi kati ya yale 31 yalikuwa madogo. Sakafu ya kona ya mashine ya kuchuna ngozi haikuwa na mteremko, maji yanasimama. Visu vilinolewa mara moja kwa zamu, na kisu butu ndicho kinachoteleza, kwa sababu unakilazimisha. Kubwa kuliko yote lilikuwa glavu ya chuma. Ipo ile glavu iliyofumwa kwa vipete vya waya, unaivaa kwenye mkono usioshika kisu. Kiwanda kilikuwa nazo kabatini, na watu walikuwa wanaonywa kila wiki kwa kutozivaa. Hakuna aliyeuliza kwa nini hawazivai. Nilivaa mwenyewe siku nzima nikapata jibu: chuma kinanyonya joto la mkono, vidole vinaganda haraka kuliko bila glavu. Tuliomba glavu za uzi za kuvaa ndani yake, na mabeseni ya maji ya uvuguvugu nje ya chumba cha kupasulia, na dakika 10 za kupasha mikono kila saa mbili. Watu wa ubora waliogopa kidogo kuhusu mabeseni. Tukakubaliana yakae upande wa kunawia, kila anayerudi ananawa upya na dawa. Tangu tuanze, glavu zinavaliwa, na sijaona tena mtu akiendelea kukata huku hajui kwamba anavuja damu.

Jumatatu iliyopita aliletwa binti mgeni, wa Ukerewe, miaka 20 hivi, mwenye haraka ya kuonyesha anachokijua. Alikuja na kisu chake kutoka nyumbani, amekifunga kwenye gazeti. Nilimwandika jina, nikampa glavu ya uzi na ya chuma juu yake. Ilimpwaya, vipete vinaning'inia kwenye ncha za vidole, na glavu inayopwaya inanaswa na kisu. Alinisihi, "Dada, niache tu nikate hivyohivyo, nitakuwa mwangalifu." Stoo hawakuwa na saizi ndogo. Niliandika kwenye daftari la mahitaji, nikamwomba msimamizi ampeleke kwenye kufunga katoni kwa malipo ya siku nzima hadi glavu ije. Alikubali baada ya kunung'unika kidogo. Leo ni Alhamisi na glavu haijafika. Binti bado anafunga katoni, na kisu chake ninacho mimi kabatini, ndani ya gazeti lake.