Shosho wa Limuru

Nilipokuwa mdogo, kila likizo ya Agosti mama alitupeleka Limuru kwa Shosho, yaani nyanya. Baridi ya huko mwezi huo hupenya hadi kwenye mifupa. Tulishinda jikoni tukiota moto, tukila viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Sisi ni Wataita. Babu alishuka kutoka milima ya Dabida akaja Nairobi kutia makaa kwenye garimoshi. Hata siku moja sikuuliza tulimpataje shosho Mkikuyu. Shosho ni shosho.

Jibu nimelipata mwaka huu, ndani ya vestri, kile chumba cha kasisi, katika kanisa letu la Anglikana hapa Eastlands.

Parishi iliamua kuandika historia yake, nami nikawekwa kwenye kamati. Tulianzia pale kila mtu anapoanzia: mmisionari Krapf kufika Mombasa 1844, mwenzake Rebmann kumfuata Rabai 1846, kisha Freretown ya 1875 na watu walioachwa huru kutoka utumwani, na ile kengele iliyowapa watu wa Nyali jina la Kengeleni. Nayapenda mambo haya. Lakini waumini waliyasikiliza kama habari za mtaa wa pili. Ndipo kasisi akafungua kabati la chuma, akatutolea rejista za ubatizo.

Vitabu vizito, vya majalada meusi. Wino wa buluu umefifia, na mahali pengine mende wamekula pembe. Jina la mtoto, wazazi, makazi, kazi ya baba, wadhamini. Makazi: Muthurwa, Muthurwa, Landhies. Kazi: reli, reli, mpishi, karani, reli. Tulisoma kwa sauti, tukipokezana, na iliyotunyamazisha ni ile safu ya mwisho. Mtoto wa Mjaluo kadhaminiwa na Mkamba. Mtoto wa Mluhya kadhaminiwa na Mtaita na Mgiriama. Ukurasa baada ya ukurasa. Watu hao hawakuwa na shangazi wala mjomba mjini. Aliyekuwa karibu ni wa chumba cha pili, yule mnayepanga naye foleni ya maji bombani, na ndiye aliyemshika mtoto mbele ya kasisi na kumjibia.

Krismasi ya 1952 nikalikuta jina la mama. Mdhamini: Shosho.

Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil ya kuwasaka Mau Mau, ikawazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Nairobi. Maelfu walitiwa kizuizini, wengine wakarudishwa makwao kwa nguvu. Katika rejista yetu hakuna neno hata moja la maelezo. Mwandiko ni uleule, wino ni uleule, ila kuanzia Mei majina ya Kikikuyu yanakaribia kwisha. Nilirudi nyuma kurasa nne, nikazisoma tena.

Nilipomuuliza mama, alisema Shosho alipakiwa kwenye lori bila hata kufunga mlango wake. Bibi, mke wa Babu, ndiye aliyeufunga, akatunza masufuria yake. Hali ilipotulia alimbeba mama na masufuria yale mpaka Limuru. Wakawa wanaenda kila mwaka.

Na mimi, mjukuu wa watu hao, Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, niliacha kuketi benchi moja na mama mmoja niliyekaa naye miaka kumi na moja, kwa sababu ya kabila lake. Hakunikosea chochote. Niliyasema hayo mbele ya kamati, kisha nikaenda kwake nyumbani nikamwambia mwenyewe. Alinipikia chai, tukalia.

Wapo kwenye kamati wanaotaka kitabu chetu kiwe cha maaskofu, mawe ya msingi na mabati yaliezekwa lini. Waandike, lakini mimi nimeomba safu ya wadhamini ichapishwe yote, jina kwa jina. Siku hizi mdhamini ni binamu, na baada ya picha hatajwi tena. Kasisi amekubali wazazi wanaoleta watoto kubatizwa waonyeshwe kwanza zile kurasa.

Jumapili iliyopita nilimleta mama vestrini. Hasomi vizuri tena bila miwani, kwa hiyo nilimshika kidole nikakiweka juu ya jina. Alikiacha pale muda mrefu. Kisha akauliza kama kaburi la Shosho bado linapaliliwa.

Jumamosi tunaenda Limuru, na jembe nimeshalitia kwenye gari.