Mhuri wa machinjio hausemi kitu kuhusu dawa ya kupe

Sisi wanunuzi wa nyama hapa Goma tumezoea kutafuta mhuri kwenye paja la ng'ombe, na tukiuona tunalipa bila wasiwasi. Mhuri huo una maana yake, kwa kuwa mkaguzi amepasua ini kutafuta minyoo, amekata misuli kutafuta tegu na kuyatazama mapafu yasije yakawa na kifua kikuu. Kisu chake, hata hivyo, hakiwezi kuonyesha mabaki ya dawa aliyopuliziwa au kudungwa mnyama yule juma lililopita, kwa sababu hayo hupimwa maabara tu.

Simlaumu mfugaji wa Masisi, eneo la malisho karibu na Goma, kwa kutumia dawa. Kupe ndiye anayeeneza ndigana kali, na asiyemdhibiti huzika ndama wake. Ninachogombania ni tarehe. Kila dawa ina muda wake wa kungoja kabla ya kuchinja: amitrazi ya kupulizia kupe huvunjika upesi, lakini ivermectini ya sindano hukaa kwenye ini na mafuta, hata zipo chupa ambazo lebo yake hudai siku 35 zipite na kukataza ng'ombe wa maziwa asidungwe kabisa. Sasa mnyama amedungwa Jumatatu, hajapata nafuu, barabara ya Sake inayoleta ng'ombe Goma haina usalama, na mchuuzi amesimama zizini na pesa mkononi. Ni nani atakayehesabu siku hizo? Nilipomuuliza muuza nyama wangu kama ng'ombe wake alikuwa ametibiwa, alinijibu kwa upole: "Mama, mimi nimemkuta sokoni amesimama, habari za dawa ziko kwa mwenyewe."

Wapo wanaoamini kwamba kuchemsha sana kunamaliza yote. Moto huua vijidudu, lakini sumu za jamii ya DDT, dawa ya zamani ya kuua wadudu, hazitishwi na sufuria. Hujificha katika mafuta ya mnyama na kudumu humo kwa muda mrefu. Mwaka 1987 Marekani ilikuta mabaki ya DDT na ya dieldrini, sumu nyingine ya jamii hiyo, katika nyama ya ng'ombe iliyotoka Australia, na sehemu ya tatizo ilikuwa udongo wa mashamba yaliyopuliziwa zamani, ambamo ng'ombe walikuja kulishwa baadaye. Jambo hilo hunifanya nitazame kwa shaka ng'ombe wanaofunguliwa kwenye mashamba ya viazi mara tu baada ya mavuno, ingawa dawa za ukungu zinazopuliziwa viazi si za jamii ile.

Nyumbani kwangu mafuta ya nyama huondolewa kabla ya kupika, na ini silinunui kwa nisiyemjua, japo wageni hulisifu kuliko mnofu. Hiyo ni tahadhari ya jikoni tu. Ninachokitaka ni kwamba cheti cha afya kinachosafiri na ng'ombe kiongezewe mistari miwili, jina la dawa ya mwisho na siku iliyotolewa, na machinjio yamrudishe mnyama ambaye siku zake hazijatimia.