Poya moja Aluvihare, pale maneno yalipotiwa kwenye majani

Kandy nilikaa siku mbili, nikaenda hekalu la jino la Buddha kama kila mgeni anavyofanya, pazuri kweli ila watu wengi mno na roho yangu haikuwa pale, mimi nilichofuata Sri Lanka ni Aluvihare, hekalu la mapangoni karibu na mji wa Matale. Nimeanza kufatilia maandiko ya Wabudha miaka kadhaa sasa, na kila nikisoma nakutana na hilo jina, kwamba ndo pale watawa waliposhika kalamu na kuandika Tipitaka nzima, yani maandiko yao matakatifu, karne ya kwanza kabla ya Kristo. Kabla ya hapo ilikaa vichwani tu. Karibu miaka 400 vichwani!

Nikaondoka asubuhi ya Poya, yani siku ya mwezi mpevu, kule ni mapumziko ya kitaifa kila mwezi na pombe haiuzwi. Basi la Matale limejaa watu waliovaa nyeupe tupu, kina mama wamepakata yungiyungi mapajani, mtoto kasinzia begani kwangu na mama yake wala hana wasiwasi. Kukaribia Matale ni bustani za viungo barabara nzima, mdalasini, hiliki, karafuu, harufu inaingia dirishani ungesema uko Kizimbani Unguja.

Penyewe ni pembeni tu ya barabara kuu. Mawe makubwa kama nyumba yameegemeana, chini yake mapango, unavua viatu na kupanda ngazi za mawe. Pango moja lina sanamu ya Buddhaghosa, yule mwanazuoni wa karne ya 5 aliyetoka India kuja kuandika fafanuzi. Maktaba ya zamani haipo, iliharibiwa mwaka 1848 Waingereza walipokuwa wanazima uasi wa Matale, na hilo liliniuma nikiwa nimesimama pale pale.

Lakini kuna mzee pale anaonyesha jinsi ilivyokuwa inaandikwa. Jani ni la mtalipoti, mti wa jamii ya minazi, majani mapana unaweza kujifunika mvua, na unachanua mara moja tu maishani kisha unakufa. Jani linachemshwa, linakaushwa, linasuguliwa mpaka lilainike, linakatwa vipande virefu vyembamba. Mzee akashika kalamu ya chuma, ncha kali kama sindano, mkono wa kulia unashika na kidole gumba cha kushoto kinasukuma, krr krr krr, na wewe huoni kitu, ni mikwaruzo tu. Halafu akapaka masizi yaliyochanganywa na mafuta, akafuta kwa unga, na herufi zikatokea nyeusi, za duara duara kama vikombe. Akaniambia ni duara kwasababu mstari ulionyooka ungepasua jani. Nilisimama pale muda mrefu. Mimi nimesoma chuo cha Qurani, nimeandika kwenye ubao nikafuta nikaandika tena, najua aya inavyoingia kifuani na inavyotaka kurudiwa kila siku la sivyo inaondoka, kwahiyo kuwaza watu waliobeba vikapu vitatu vya maandiko (Tipitaka maana yake ndo hiyo, vikapu vitatu) bila hata jani moja, mwili ulisisimka.

Kilichowafanya waandike ni hofu. Vita vilikuja na njaa ikaja, inasimuliwa miaka 12, watawa wakafa wengi. Waliobaki milimani walikula mizizi na majani, wakiwa na nguvu wanakaa wanasoma kwa kurudia, nguvu zikiisha wanalaza vichwa kwenye vichuguu vya mchanga na wanaendelea kusoma wamelala. Na kuna kitabu kimoja kilibaki kwa mtawa mmoja tu, ambaye mwenendo wake ulikuwa mbaya, na wenzie hawakutaka hata kumkaribia, ila ilibidi waende wakajifunze kwake, kisipotee. Mimi hiki kisa nakipenda kuliko vyote.

Mtawa mmoja wa makamo alikuwa amekaa kivulini akanikaribisha, nikamwita Bhante kama wanavyoitwa. Nikamuuliza kuhusu Vinaya, kikapu cha kanuni, 227 kwa watawa wa kiume na 311 kwa wa kike, je hazichoshi? Akasema usizihesabu, uliza kila moja ilizaliwaje. Akanipa mfano. Buddha aliporudi kwao mwanae Rahula akaingizwa utawa, mtoto mdogo, na babu yake mfalme Suddhodana ambaye alishampoteza mwana sasa anampoteza na mjukuu, akaja akasema mapenzi ya mtoto yanakata ngozi, yanakata nyama, yanafika mpaka kwenye uboho wa mfupa. Toka siku hiyo ikawekwa kanuni, mtoto haingii utawa bila ruhusa ya wazazi. Na ile ya kuuguzana ilitoka kwa mtawa aliyekuwa anaharisha, kalala kwenye uchafu wake hakuna anayemjali, Buddha mwenyewe na Ananda, mtawa aliyekuwa akimhudumia, wakamwogesha, kisha akawaambia wale wengine hapa hamna mama wala baba, msipouguzana nyie kwa nyie atawauguza nani?

Nimeuguza mama yangu miezi saba. Nilishindwa kujibu, nikanyamaza tu, na yeye akanyamaza.

Kabla ya saa sita mchana akanyanyuka, maana wakishavuka adhuhuri hawali tena chakula mpaka alfajiri. Nikamuuliza kama naweza kurudi jioni kusikiliza wanavyosoma zile kanuni zote kwa pamoja, kwakuwa husomwa kila mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Akatikisa kichwa kwa upole, akasema asiye mtawa haruhusiwi kuwepo, na wao wenyewe kabla ya kuanza, mwenye kosa analisema kwanza kwa mwenzie.

Nilirudi hata hivyo. Nikakaa nje chini ya mti wa bodhi, aina ya mti ambao Buddha alipata mwangaza chini yake, na wale kina mama wa nguo nyeupe, taa za mafuta zimewaka pembeni, nikaona watawa wawili wamechuchumaa wametazamana, mikono wameikutanisha, mmoja anasema kwa sauti ya chini na mwingine anaitikia. Kisha wakainuka wakaingia na wenzao, mlango ukafungwa.