Siku moja maishani mwangu: masters ya magonjwa ya mimea, Morogoro

Saa 11 na nusu alfajiri niko juu ya bodaboda naelekea Mlali, maana mnyauko ukienda kuucheki saa sita mchana kila mche umelegea kwa jua, asubuhi ndo unajua nani anaumwa kweli.

Saa 1 nipo shambani kwa mama mmoja wa nyanya. Shikamoo, marahaba mwanangu, haya njoo uone. Miche imelala, majani bado kijani kabisa, udongo una maji, na dawa ya ukungu kashapuliza mpaka kachoka. Sikubishana, nikaomba maji safi kwenye glasi, nikakata kipande cha shina karibu na udongo nikakining'iniza humo, tukatulia. Dakika chache tu uzi mweupe ukaanza kushuka kama moshi. Hao ni bakteria, Ralstonia solanacearum, wanaingilia kwenye mizizi wanaziba mishipa inayopandisha maji. Mama kaangalia weee, "sasa mimi dawa nimepuliza ya nini?" Kweli, dawa ya ukungu haiwagusi. Nikamwambia ang'oe achome, asitupe mferejini. Maana jirani wa juu anatupa humohumo, na maji ya mfereji huo ndo yanamwagilia huku chini!

Saa 4 niko maabara. Watu wanadhani ni darubini kutwa nzima, kumbe ni kuosha vyombo na kusubiri otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ifike nyuzi 121 ikae dakika 15. Udongo niliochota kwenye mizizi ya miche iliyobaki mizima naukoroga na maji, naupasha nyuzi 80 dakika kumi, bakteria wasio na spora, yaani ganda gumu la kujikinga, wanakufa, wanabaki akina Bacillus, ndo ninaowatafuta nione kama watawazuia Ralstonia.

Saa 7 wali maharage. Saa 8 umeme ukakatika, inkyubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, ikazima, tukakaa nje tunapiga stori.

Saa 10 ukarudi, nikafungua petri za juzi, vile visahani vya kuoteshea bakteria. Ralstonia wameota vizuri, weupe wanaoteleza, katikati pinki, ila pembeni ya Bacillus mmoja pana duara safi hawajasogea! Nikapima kwa rula nikamtumia supavaiza picha, akajibu "petri siyo shamba, peleka kwenye vyungu." Yuko sahihi lakini jamani, hata hongera?

Saa 2 usiku naingiza data, mama wa Mlali anapiga, pale palipokufa nyanya apande bilinganya? Hapana mama, bilinganya nayo inashikwa, hata viazi mviringo, panda mahindi kwanza. Akaguna.

"Mahindi bei yake umeiona lakini?"