Mti mdogo wa uani: anza na udongo

Kabla ya kupenda mche kando ya barabara, chimba futi mbili uani kwako. Hapa Nairobi, mitaa ya Karen na Lavington utakuta udongo mwekundu unaopitisha maji, na humo mlimau, mkomamanga au parachichi la kupandikizwa (tawi lililounganishwa kwenye shina la mche mwingine) hukua bila taabu. Embakasi na South C ni udongo mweusi. Wakati wa masika hufura na kushika maji, kiangazi hupasuka. Parachichi hapo huoza mizizi, majani yakawa manjano, na mwenyewe akidhani ni kiu huongeza maji, ndiyo kuumaliza kabisa. Kwenye udongo huo panda mpera, tena juu ya tuta la sentimita 30.

Mjakaranda na mkaratusi usipande kwenye ploti ya futi 40 kwa 80. Hukua mirefu kuliko nyumba.

Unaponunua, tazama chini ya kiriba, yaani mfuko wa mche. Mizizi iliyojizungusha kama kamba itaendelea kujinyonga hata ardhini, kwa hiyo mche mfupi wenye mizizi mizuri ni bora kuliko mrefu uliokaa kitaluni miaka. Shimo liwe sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu uchanganywe na ndoo moja ya samadi iliyooza; samadi mbichi huunguza mizizi. Kovu la kupandikizia, pale tawi lilipounganishwa na shina, libaki juu ya udongo, tafadhali sana. Likifukiwa, shina huoza. Panda mwishoni mwa Machi, mvua ikishaingia.