Siku moja maishani mwangu: fundi wa pikipiki kubwa, na mzee aliyetaka farasi 100

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Chai ya maziwa inachemka na simu imeshaanza kulia. Ni mteja wa leo. "Nimepata nyingine, hii inatoa farasi 100," ameandika, na chini yake ameweka picha ya grafu ya nguvu ya injini (farasi ndicho kipimo chake). Ni ya tatu tangu Jumapili. Nimemjibu kwa dole gumba, nikarudi kwa chai yangu.

Naishi Aurora, ubavuni mwa Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Kazi yangu ni injini za pikipiki za safari ndefu, zile zenye masanduku ya mizigo, redio na kiti cha mama nyuma. Ufundi nilianzia Nakuru, kwa Boxer za boda boda.

Saa moja na nusu asubuhi

Nimefungua gereji. Street Glide ya Harley-Davidson, ya mwaka 2018, iko juu ya lifti, ina zaidi ya kilo 370 kabla mtu hajaikalia. Injini yake ni Milwaukee-Eight 107. Hiyo 107 ni inchi za ujazo, yaani kama cc 1,745, na Eight ni idadi ya vali, ile milango ya hewa na moshi: nne kwa kila silinda. Ukigawanya kwa mbili, silinda moja tu inameza karibu Boxer sita za cc 150. Hesabu hii niliifanya wiki yangu ya kwanza hapa na bado hunichekesha.

Saa tatu

Mzee amefika na mkewe. Ni dereva wa malori aliyestaafu, na mkononi ana bahasha ya karatasi alizochapisha. Anataka kila kitu: silinda mpya, pistoni mpya, kemshafti (shafti inayofungua na kufunga vali) kali kuliko zote.

Kwa asiyejua, Harley-Davidson hupanga maboresho haya kwa steji, na si steji ya matatu. Ya kwanza ni filta ya hewa inayopitisha zaidi, silensa zisizobana, na kompyuta ya injini kutyuniwa upya ili ijue hewa imeongezeka. Ya pili huongeza kemshafti. Ya tatu hupanua silinda, 107 ikawa 114. Ya nne hugusa hadi vichwa vya silinda. Bei nayo hupanda ngazi hizo hizo, tena kwa kukimbia.

Sikumuuliza anataka farasi wangapi. Nilimuuliza anaendeshaje. Akaniambia: yeye na mama, mabegi yamejaa, kila Agosti wanakwenda Sturgis kule South Dakota kwenye mkutano wa pikipiki ulioanza mwaka 1938. Mara moja kwa mwaka wanateremka Houston kwa binti yao. Wikendi wanapanda milimani kwa barabara ya I-70.

"Na ni wapi inakukera?"

"Pale kabla ya handaki la Eisenhower. Nataka kupita lori, nafungua mafuta, haiendi."

Handaki hilo liko karibu mita 3,400 juu ya bahari. Huko hata mimi nikipanda ngazi siendi.

Ndipo mama, ambaye alikuwa kimya akitazama jaketi ukutani, akasema bila kugeuka: "Hapunguzi gia. Yuko ya sita kutoka nyumbani hadi nyumbani."

Mzee akakohoa. Mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Saa nne na nusu

Kabla ya kuuza chochote, napima. Tunafunga pikipiki kwa mikanda juu ya daino, mashine ya kupima nguvu, gurudumu la nyuma likazungusha pipa zito la chuma, na kompyuta ikachora nguvu kwa kila kasi ya injini kuzunguka.

Hapa ndipo grafu za mtandaoni zinapowapotosha watu. Denver iko mita 1,609 juu ya bahari. (Wenyeji hujivunia urefu huo. Mimi mtu wa Nakuru nilikuja hapa nikiteremka.) Hewa ni nyepesi, silinda inapata oksijeni pungufu, nguvu inashuka. Ili watu wa miji tofauti waweze kulinganisha, daino hurekebisha namba kwa kanuni ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, kana kwamba umepimia karibu na usawa wa bahari. Leo kanuni imezidisha kwa 1.24. Karatasi ya kipimo cha pikipiki ya mzee inasoma farasi 74. Gurudumuni, kwa hewa tunayovuta humu ndani, ni 60. Kwa hiyo hata ile ndoto yake ya 100, ikitimia kwenye karatasi, lami ya hapa itaona kama 80, na huko handakini itaona pungufu zaidi.

Lakini kilichonishika jicho si kilele. Ni bonde. Pale kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika mstari wa mvuto umezama kama barabara iliyokatwa na mvua. Mvuto ndio torki, ile nguvu ya kusokota gurudumu. Nikatazama kipimo cha mchanganyiko: ukifungua mafuta yote, hewa ni zaidi ya sehemu 14 kwa sehemu moja ya mafuta, mahali ninapopenda kuona 13 hivi. Injini ina njaa ya mafuta.

Nikainama chini. Silensa si za kiwandani, filta ya hewa si ya kiwandani. Aliyekuwa nayo kabla ya mzee alifunga vifaa hivyo vya kupumua, mlio ukawa mtamu, na hakuna aliyeigusa kompyuta. Amefungua madirisha yote ya nyumba, halafu mpishi anapika sufuria ya zamani.

Saa sita na nusu mchana

Nimemweka mzee mbele ya skrini, nikamwonyesha kwa kidole. Gia ya sita, kilomita 110 kwa saa, injini yako inazunguka kati ya 2,500 na 2,700. Hapo ndipo unapoishi. Farasi 100 za ile karatasi ziko huku, juu ya 5,000, karibu na mwisho wa injini yenyewe ambao ni 5,500. Wewe umewahi kufika huku?

Mama akajibu kwa niaba yake: "Hajawahi."

Kisha kemshafti, na hapa nilitulia kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea. Kemshafti huamua vali ifunguke lini na ifungwe lini. Ile kali, ya farasi, huchelewa kufunga vali ya hewa. Kwenye mizunguko ya juu hewa inaingia kwa kasi, ule ucheleweshaji unaruhusu iendelee kujaa. Kwenye mizunguko ya chini hewa haina kasi, kwa hiyo pistoni ikianza kupanda inairudisha nje sehemu ya ile iliyokwisha kuingia. Mahali penye hewa nyepesi kama hapa, kidogo ulichonacho ndicho unachokitema. Kemshafti ya mvuto hufunga mapema. Hukosa kilele cha kutambia wenzako, lakini unaipata ile 2,500 yako.

Silinda za 114 nazo? Zingevuta kila mahali, sikatai. Ila hilo ni fungu kubwa la pesa, joto huongezeka mapajani pa watu wawili, na ukibana mgandamizo uwe mkubwa kwa raha ya mlimani, Houston itakudai. Kule chini hewa ni nzito, silinda inajaa kweli, jua linachoma, na injini inaweza kuanza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda. Kompyuta itachelewesha cheche ili kuiokoa, nawe utakuwa umelipia nguvu unayonyang'anywa likizoni.

Akauliza kama naweza "kuilegeza tu" kompyuta, bila kujali sheria za moshi. Hapana. Mwaka 2016 Harley-Davidson wenyewe walikubali kulipa serikali faini ya dola milioni 12 kwa kesi ya vifaa vya kutyuni vilivyoongeza moshi. Gereji yetu ya lifti mbili itapona wapi?

Saa saba na nusu

Wali na maharage ya jana. Nimempigia mdogo wangu wa boda boda kule Kenya, kwao ni saa nne na nusu usiku na amemaliza kubeba abiria. Nikamtajia bei niliyompa mzee kwa kemshafti, vipuri viendavyo nayo (lifta na pushrodi za kurekebishika), kazi na tyuning: kama dola 1,800.

"Kaka, hiyo si ni Boxer nzima?"

"Ni Boxer nzima."

"Na anataka iende mbio?"

"Anataka ipande mlima na mama nyuma."

"Si abadilishe sprokiti."

Nilicheka hadi wali ukanipalia. Lakini hakukosea. Wale wanaobeba magunia ya viazi kule Molo hawamuulizi fundi spidi ya mwisho. Wanafunga sprokiti ya nyuma, ile ya mnyororo, yenye meno mengi, wanapoteza mbio, wanapata mvuto pale wanapouhitaji.

Saa tisa

Mzee amekata shauri, na amekata vizuri kuliko nilivyotarajia. Leo tunatyuni tu hicho alichonacho. Aende milimani wikendi mbili, na apunguze gia. Kama bado haimtoshi, nitafunga kemshafti ya mvuto kabla ya Agosti. Nimepoteza kazi ya siku mbili hivi, na mwenye gereji ameniangalia kwa jicho ninalolijua.

Saa kumi na moja jioni

Tyuning imekula saa mbili. Unashikilia mizunguko 2,000, unaongeza mafuta kwenye jedwali kidogo, unarudia 2,250, 2,500, mzigo mdogo, mzigo mkubwa, feni zikivuma usoni. Ni kazi ya kuchosha, hakuna anayeipiga picha. Kilele kimefika farasi 78. Bonde limefukiwa.

Mzee akaondoka na mkewe. Kwenye taa za kona nikasikia injini ikishuka hadi gia ya tatu, ikavuta, wakapotea.

Saa moja usiku

Nimenawa mikono kwa sabuni ya mchanga, grisi ya kwenye kucha imegoma. Kwa mdogo wangu ni saa kumi alfajiri na tayari yuko barabarani na viazi. Amenitumia sauti, hana neno, ni mlio tu wa Boxer ikipanda mlima na mzigo. Nimeisikiliza mara mbili nikiwa nafunga mlango. Gia ya pili.